Sura ya Pikipiki: Kwa Nini ya Zamani Bado Inapendwa?

Mwambie mtoto wa shule achore pikipiki. Atachora magurudumu mawili yenye spoki, taa ya duara, tangi la mafuta lililovimba juu ya injini, na kiti kirefu. Hatachora ile ya mashindano iliyofunikwa plastiki kila upande. Sura aliyoichora ilikwisha kamilika kabla baba yake hajazaliwa, na pengine hata babu yake.

Siku hizi watu wanaopenda pikipiki wamegawanyika. Wapo wanaotaka ile sura ya zamani ibaki kama ilivyo. Wapo wengine wanaotaka kuikata na kuiunda upya kwa mitindo ya kisasa. Hebu tuangalie mambo haya yalianzia wapi, na tunaweza kujifunza nini.

SURA ILIYOTOKANA NA KAZI

Mwaka 1937 kiwanda cha Triumph cha Uingereza kilitoa pikipiki iliyoitwa Speed Twin. Aliyeibuni ni Edward Turner. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Mwaka 1959 kiwanda hicho kikatoa ndugu yake mkubwa, Bonneville, yenye injini ya sisi 650. Jina hilo lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville, huko Utah, Marekani. Mwaka 1956 mwendeshaji Johnny Allen alikimbia pale kwa zaidi ya kilomita 340 kwa saa, kwa chombo chenye injini ya Triumph.

Ukiitazama Bonneville ya mwaka 1959 utasema ni pambo. Kumbe kila kitu kilikuwa na kazi yake. Tangi liliwekwa juu ili mafuta yateremke yenyewe mpaka kwenye kabureta, bila pampu. Lilifanywa jembamba kwa nyuma ili magoti yapate mahali pa kushika. Silinda zilikuwa na mapezi, kama ya samaki, ili upepo upite katikati na kupooza injini. Kiti kilikuwa kirefu kwa sababu kilibeba watu wawili. Na madigadi yalifunika magurudumu kwa sababu Uingereza ni nchi ya mvua, na tope halina adabu.

Hii ndiyo siri ya kwanza ya sura ya zamani. Mtu akiitazama anaona jinsi inavyofanya kazi. Hakuna kilichofichwa.

VIJANA WAANZA KUKATA

Basi, vijana hawakuridhika. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walikuwa wakikutana kwenye mikahawa ya barabarani. Mmoja uliosifika sana ni Ace Cafe, uliofunguliwa mwaka 1938, ukafungwa mwaka 1969, na kufunguliwa tena mwaka 2001. Vijana hao walitaka kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Wakashusha usukani ili walale mbele na kupunguza upepo. Wakarudisha nyuma mahali pa kuweka miguu. Wengine walichukua injini ya Triumph wakaifunga katika fremu ya Norton, iliyosifiwa kwa kutulia kwenye kona. Waliiita Triton.

Kwa hiyo tusidhani kwamba kubadilisha pikipiki ni uhuni tu. Vijana wale walibadilisha kwa sababu maalumu: walitaka mwendo.

Marekani nako watu walikata. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, wengi walifupisha au kuondoa madigadi ili pikipiki zao nzito ziwe nyepesi. Baadaye, hasa California katika miaka ya 1960, mtindo ukabadilika. Miguu ya mbele, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, ikarefushwa na kulazwa mbele sana. Pikipiki za namna hiyo huitwa chopa. Mwaka 1969 sinema iitwayo Easy Rider ilizitangaza duniani kote. Waliozitengeneza ni Wamarekani weusi, Cliff Vaughs na Ben Hardy, lakini kwa miaka mingi majina yao hayakujulikana na watu wengi.

Chopa inapendeza machoni, hilo hatubishi. Lakini hapa sura ilianza kuachana na kazi. Fikiria nguzo ya nyumba. Ikisimama, inabeba paa vizuri. Ukiilaza upande, uzito uleule unaikunja. Miguu ya mbele ni hivyo hivyo. Ikilazwa mno, chuma kinakunjwa kwa nguvu zaidi. Pikipiki inahitaji uwanja mkubwa ili igeuke, na ikienda polepole gurudumu la mbele linataka kuangukia upande. Kwenye barabara kuu iliyonyooka utafurahi. Kwenye kona za mlimani utatoka jasho.

ZAMANI IMERUDI

Kiwanda cha zamani cha Triumph, huko Meriden, kilifungwa mwaka 1983. Jina likanunuliwa na John Bloor, akajenga kiwanda kipya Hinckley. Mwaka 2001 Bonneville mpya ikaanza kuuzwa, nayo ilikuwa na sura ya ile ya zamani. Watu waliipenda.

Lakini angalia jambo hili. Baadaye kabureta ziliondolewa, kwa kuwa sheria za moshi zilikuwa zimekaza. Mafuta yakaanza kupulizwa kwa mtambo wa umeme. Hata hivyo mafundi wakautengeneza mtambo huo ufanane na kabureta! Tangu mwaka 2016 injini zikaanza kupozwa kwa maji, na mapezi yakabaki kwenye silinda, zaidi kwa ajili ya macho. Yaani ile sura iliyozaliwa na kazi sasa imekuwa vazi.

Huko India mambo yalikwenda tofauti. Tangu mwaka 1955 pikipiki ya Kiingereza iitwayo Royal Enfield Bullet iliungwa Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Kiwanda cha Uingereza kilipokufa, kile cha India kiliendelea. Kwa miaka mingi Bullet haikubadilika sana. Fundi aliijua, na kijana aliyefundishwa na fundi huyo aliijua pia. Hapo sura ya zamani haikuwa vazi. Ilikuwa faida ya mwenye chombo.

MITINDO YA LEO

Miaka ya karibuni umeenea mtindo mwingine wa kuunda upya. Fremu ya nyuma inakatwa kwa msumeno. Kiti kinakuwa chembamba kama ubao. Madigadi yanatupwa, vioo vinatupwa, na bomba la moshi linafupishwa. Tairi za vijino vikubwa, zilizotengenezwa kwa njia za tope, zinafungwa kwenye pikipiki ya lami. Ikipigwa picha, inavutia kweli.

Sisi tunasema hivi: kila mtu na chombo chake. Lakini kabla ya kukata, jiulize kile kitu kina kazi gani. Madigadi yakiondolewa, tope na mawe vinamrukia mwendeshaji na anayemfuata. Kioo kikitolewa, huoni lori linalokuja nyuma. Fremu ya nyuma ikikatwa, abiria hana pa kukaa, na chuma kilichoungwa vibaya kinaweza kukatika mko njiani. Kilichofungwa kwa bolti unaweza kukirudisha. Kilichokatwa kwa msumeno ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

NA HAPA KWETU JE?

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na fundi yuko mbali. Hata mnyororo wake ulifunikwa usiingie vumbi. Injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria Afrika Mashariki zimefuata mpango wa injini ile. Kwa hiyo ukiiona bodaboda kijiweni, yenye taa ya duara na kiti kirefu, ujue ni ya ukoo ule ule tuliousimulia.

Nasi pia tunabadilisha. Wapo wanaofunga keria imara ya magunia, na wapo wanaofunga vyuma vya kukinga miguu. Hayo ni mabadiliko yenye kazi. Lakini yupo pia anayeuza mavuno ya mwaka mzima, ananunua pikipiki, na kesho yake anang'oa vioo na kutoboa bomba la moshi ili isikike mpaka kijiji cha pili. Huyo amelipa fedha kuvinunua vitu hivyo, kisha amefanya kazi kuviharibu.

TUJADILIANE

1. Taja sehemu tatu za pikipiki na kazi ya kila moja.
2. Kuna tofauti gani kati ya vijana wa Ace Cafe na mtu anayeng'oa vioo?
3. Katika kijiji chako, ni mabadiliko gani ya pikipiki yameleta faida, na yapi yameleta hasara?