Mama Aliyeweka Jiwe la Msingi

Tarehe 27 Julai 1881, katika mji wa Dunfermline huko Uskoti, mama mzee aitwaye Margaret Carnegie aliweka jiwe la msingi la maktaba ya umma. Maktaba hiyo ilikuwa zawadi ya mwanawe, Andrew, kwa mji aliozaliwa.

Mama huyo aliuacha mji huo akiwa fukara. Mumewe, William, alikuwa mfumaji wa vitambaa kwa mkono. Mashine za mvuke zilipokuja, kazi ikamwishia. Mwaka 1848 waliuza vyombo vyao, wakakopa pauni 20 kujazia nauli, wakahamia Marekani.

Huko mama alishona viatu hadi usiku ili watoto wale. Andrew naye aliingia kiwandani angali mtoto, kwa mshahara wa dola 1.20 kwa wiki. Fedha za vitabu zingetoka wapi? Ndipo Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu vipatavyo 400, akawafungulia vijana wafanyakazi nyumba yake kila Jumamosi waje kuazima. Andrew alipotajirika hakuusahau wema huo.

Maktaba ya Dunfermline ilifunguliwa tarehe 29 Agosti 1883, ikiwa ya kwanza kati ya zaidi ya 2,500 alizogharimia. Mlangoni pake limechongwa jua linalochomoza, pamoja na amri ya Mungu kuhusu nuru katika sura ya kwanza ya Mwanzo. Jengo hilo lingali maktaba hadi leo; mwaka 2017 liliongezewa jengo jipya ubavuni.

Akina mama wapendwa, tusiseme haya ni ya matajiri. Kabla ya utajiri huo wote, William na wafumaji wenzake wachache walikusanya vitabu vyao wakawa wanawaazima majirani. Walikuwa maskini kama wengi wetu.

Sisi tulio wauguzi tumewaona kliniki akina mama walioshika chupa ya dawa ya mtoto, wasiweze kusoma kipimo, wakaona haya kuuliza. Jambo hilo laweza kugharimu uhai.

Je, umoja wetu wa wanawake kanisani hauwezi kupata kabati moja na daftari la kuandikia wanaoazima? Kila mmoja wetu alete kitabu kimoja, na Jumamosi mlango uwe wazi kwa watoto na kwa mama anayetaka kujifunza kusoma. Tuanze na kabati; hilo ndilo jiwe letu la msingi.