Jioni Moja ya Beethoven

Mtu apitaye sokoni Nyawera jioni husikia sauti nyingi kwa mara moja: wauzaji wakiita wanunuzi, pikipiki zikipiga honi, redio kila moja ikiimba wimbo wake. Kila sauti yataka kuishinda nyingine. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa ninyi vijana wa kwaya, habari za sauti nyingi zinazopatana, yaani jioni ambayo okestra nzima hupiga kazi za mtungaji mmoja tu.

Jioni ya namna hiyo ilifanyika mjini Vienna, Austria, tarehe 22 Desemba 1808. Mtungaji alikuwa Ludwig van Beethoven, mzaliwa wa Bonn, Ujerumani. Kwa muda wa saa nne watu walikaa katika baridi kali wakisikiliza kazi zake, miongoni mwao Simfonia ya Tano na ya Sita, na sehemu mbili za Misa yake: Gloria na Sanctus. Lakini mazoezi hayakutosha. Katika kazi ya mwisho wapigaji walipotea, Beethoven akawasimamisha mbele ya watu wote, nao wakaanza upya.

Wakati ule masikio yake yalikwisha kuharibika. Tarehe 7 Mei 1824, Simfonia ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza, alikuwa kiziwi. Watu walimshangilia, naye hakusikia. Ndipo mwimbaji mmoja, Caroline Unger, alipomgeuza awaelekee watu, apate kuyaona kwa macho makofi aliyopigiwa.

Labda mtasema: "Hayo ni ya Wazungu wenye vyombo." Sivyo. Katika nchi yetu wenyewe, huko Kinshasa, Bwana Armand Diangienda, rubani wa ndege aliyekosa kazi, alianzisha okestra mwaka 1994 pamoja na waumini wenzake wa Kanisa la Kimbangu. Fidla zilikuwa chache kuliko wanafunzi, wakapokezana. Uzi wa fidla ulipokatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Umeme nao ulikatika mara kwa mara, kama tuujuavyo sisi wa Bukavu. Hata hivyo, baada ya kazi za mchana walikusanyika kufanya mazoezi, mpaka wakaipiga Simfonia ya Tisa ile ile, pamoja na kwaya yao. Filamu iitwayo Kinshasa Symphony, ya mwaka 2010, yatuonyesha habari zao.

Twawajua vijana walioacha kwaya kwa sababu kinanda ni kibovu. Twajua pia wazazi waitao mazoezi kupoteza wakati. Wote wakumbuke kiziwi yule wa Vienna na waya wale wa Kinshasa. Ikiwa leo sauti ya tatu imepotea njia, msikasirikiane. Simameni, mpeane sauti, mwanze upya.