Ukoo wa Talai na Deni la Gwassi

Mvuvi atokaye Remba kuelekea bara huiona milima ya Gwassi ikiinuka juu ya Ziwa Victoria. Remba ni kisiwa cha watu waliokuja kwa hiari: Wajaluo, Wasuba, Waganda na Watanzania, wote wakifuata samaki. Lakini kule Gwassi waliwahi kuishi watu waliopelekwa kwa nguvu.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa walaiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Wakipsigis huko Kericho. Watu wapatao 700 wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, wakatolewa nyanda za juu zenye baridi na kupelekwa Gwassi kwenye joto, malaria na mbung'o.

Talai ndio ukoo wa orkoiyot. Orkoiyot hakuwa mfalme. Alitabiri, alibariki vijana wa rika kabla hawajaenda vitani, na watu walimtazamia wakati wa ukame. Kipaji hicho kilirithiwa ndani ya ukoo, na ndicho kilichowatisha watawala. Mwaka 1905 walimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, alipokwenda kuzungumza nao amani. Mwaka 1914 wakampeleka Kipchomber arap Koilegen wa Wakipsigis uhamishoni Fort Hall, Murang'a ya leo, akafia huko 1916. Kwa kuwa kumwondoa mtu mmoja hakukutosha, wakauondoa ukoo mzima.

Kwa Mkipsigis, ng'ombe ni mahari, na maziwa yake ndiyo mursik ya kumkaribisha mgeni, yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Mbung'o wa Gwassi huleta nagana, ugonjwa unaomaliza mifugo. Ng'ombe wakifa, kijana aoe kwa nini, na mgeni apokewe kwa nini? Waliobaki Kericho nao walipotewa na watu waliowategemea kwa baraka na shauri.

Uhuru ulipokaribia, Watalai waliruhusiwa kurudi. Wakakuta malisho ya nyanda zile yamekuwa mashamba ya chai. Hadi leo familia nyingi hazina ardhi. Mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kanada, iliyowahamisha Wainuiti kutoka Inukjuak hadi kaskazini ya mbali katika miaka ya 1950, iliwaomba radhi rasmi mwaka 2010. Watalai hawajaombwa radhi.

Wapo wasemao kwamba waliotenda na waliotendewa wamekwisha kufa, basi yaishe. Mila ya Wakipsigis haikubali hivyo. Damu ikimwagika, ukoo wa mkosaji huulipa ukoo wa marehemu ng'ombe mbele ya wazee, na deni halizikwi pamoja na mtu. Serikali ya kikoloni haikumshtaki Mtalai mmoja mmoja. Iliwahukumu wote kwa kuzaliwa kwao. Iwapo adhabu ilitolewa kwa ukoo, ardhi na radhi pia zinastahili kuufikia mlango wa ukoo, na wajukuu wa Gwassi wana haki kamili ya kuzipokea.