Besi Imekufa, Nauli ya Nakuru Haijafa

Jembe la meno na spika havipaswi kulala buti moja. Nilikuwa nasukuma gunia la viazi la kilo 50 ndani ya Probox, giza linaingia na mvua ya Olenguruone inanyesha, jembe likateleza, jino moja likapenya kwenye raba ya sabufa yangu ya inchi 12. Mpasuko wenyewe haukuzidi sentimita 3. Asubuhi nilipowasha redio, besi ilikuwa imegeuka debe lililotoboka.

Ukingo ule wa raba unaozunguka koni una kazi mbili. Unaziba hewa ya nyuma ya spika isivuje ikakutana na ya mbele, maana zikikutana zinauana na besi inapotea. Pia unaishika koni katikati, ili koili iliyo chini yake ipande na kushuka kwenye mwanya mwembamba wa sumaku bila kugusa kuta. Kwa hiyo mpasuko mdogo unaharibu sauti leo, na ukiachwa ukakua, koni inaanza kwenda upande na koili inasuguliwa hadi inaungua.

Nilipouliza bei niligundua kwamba ukiishi huku juu, spika ina bei mbili: ya dukani na ya barabarani. Sabufa mpya ya kawaida ya inchi 12 niliambiwa 5,500 mjini Nakuru. Nauli yangu ni 400 kwenda na 400 kurudi, basi ni 6,300. Fundi wa huko alitaka 1,500 kubadilisha ukingo wote, bei ya kuvutia mpaka ukumbuke kwamba spika huachwa leo na kuchukuliwa siku nyingine. Safari mbili ni 1,600, yaani nauli inampita fundi mwenyewe. Jumla 3,100. Njia ya tatu ni kuagiza ukingo mtupu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ufungashwe na kuletwa kwa matatu: 600 za ukingo, 250 za mzigo, 200 za gundi, halafu kazi uifanye mwenyewe. Hiyo ni 1,050. Ya nne ni kiraka: gundi 200, kiraka cha tyubu ya baiskeli 20, msasa na spiriti 50. Shilingi 270.

Hizo ndizo bei nilizotajiwa mimi, zako zitapishana kidogo. Na kama una safari ya Nakuru hata hivyo, labda unapeleka viazi sokoni, futa nauli na umrudie fundi. Hesabu inageuka kabisa.

Lakini usichague kwa bei kabla hujaipima spika. Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, ibonyeze taratibu na kwa usawa, sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo, koili imeshapinda au kuungua, na kila shilingi utakayoweka kwenye ukingo umeitupa. Kama koni inateleza kimya, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya zake kwa nukta moja: koni iruke kidogo. Mwenye mita apime. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, nenda dukani bila kujuta.

Kisha ukwaruze ukingo kwa ukucha. Raba hurudi ilivyokuwa. Sponji iliyochoka hubaki na alama, au humeguka kama mkate mkavu, na hapo kiraka hakina pa kushika. Sponji huliwa na unyevu na mwanga, na sisi unyevu hatuuagizi. Kumbuka pia umri: sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo spika iliyokuja na gari lenye miaka 7, ukalitumia mengine 8, ina miaka 15. Sponji nyingi hazifiki umri huo. Hapo agiza ukingo mpya, na kabla ya kutuma pesa pima kwa rula upana wa koni na upana wa fremu. Neno "inchi 12" peke yake halitoshi. Nyingi huitwa hivyo na hazilingani.

Yangu ilikuwa raba, nikaenda na kiraka. Si mara moja, lakini. Kwanza nilitumia supagluu, kwa uvivu. Ilishika vizuri sana, na hapo ndipo ubaya wake: ikikauka inakuwa kioo, na ukingo ni kitu cha kukunjika maelfu ya mara kwa dakika. Niliendesha kwenda mji wa Silibwet, na kabla sijafika ukingo ulikuwa umepasuka upya, pembeni mwa gundi.

Mara ya pili nilitumia gundi ya mafundi viatu, ambayo hukauka ikabaki laini. Kwaruza pande zote kwa msasa, futa kwa spiriti, paka gundi nyembamba kwenye raba na kwenye kiraka, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Iwe nyembamba kweli, uzito upande mmoja huipindisha koni. Halafu isubiri saa 24.

Huku kwetu ongeza siku nzima, kwa sababu baridi huchelewesha gundi. Najua utakachofikiria: kuipeleka jikoni kando ya moto wa kuni. Usithubutu, mvuke wa gundi hiyo hushika moto ukiwa mbali na mwali. Mimi niliiacha ndani ya gari lililofungwa saa za mchana, vioo vimeshushwa kidole kimoja, jua la saa sita likafanya kazi.

Kiraka kimeshika, besi imerudi, ingawa siifungulii tena mpaka mwisho. Kilichobaki kilikuwa wavu wa chuma wa kuifunika spika, ambao jembe haliwezi kuupenya. Niliununua 450, karibu mara mbili ya kiraka chenyewe.