Papa Potwe na Maji ya Kijani

Mkaazi wa Matongo, wilayani Tarime, atakaye kuzamia kwa mtungi wa hewa hana budi kusafiri mbali. Ziwa Viktoria li karibu, lakini mara nyingi maji yake huwa na tope na mimea midogo mno, na jicho halifiki mbali. Basi huchagua kisiwa cha Mafia, kati ya Oktoba na Februari, kwa ajili ya papa potwe wakusanyikao mbele ya Kilindoni. Afikapo huudhika: maji ni ya kijani, na samaki mkubwa kuliko wote duniani huonekana kama kivuli tu. Kosa si la bahari. Papa huyo hula planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea, na hivyo ndivyo vitiavyo maji ukungu. Apendaye maji maangavu na aende kwenye matumbawe ya mlango wa Kinasi, upande wa mashariki, maji yajaapo kutoka bahari kuu.

Hatari kubwa ni hasira ya kurudi nyumbani upesi. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini kule chini huweza kutoka kwa mapovu kanieneo ya hewa ipunguapo ndani ya ndege, ikaleta maumivu, hata kupooza. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa angoje angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.