Asili ya Jina la Ukoo: Mfano wa Akina Euler wa Basel

Katika uchunguzi wa majina ya ukoo, kosa lililo jepesi kutendeka ni kulifasiri jina kwa umbo lake peke yake, bila kwanza kuuliza wenyewe walitoka wapi. Udhaifu wa njia hiyo waonekana wazi katika jina la ukoo wa Uswisi uliomzaa mwanahisabati mashuhuri, Leonhard Euler (1707–1783).

Ajuaye Kijerumani juujuu atalihusisha jina hilo na neno Eule, yaani bundi. Fasiri ya pili ina nguvu zaidi: katika lahaja za Hessen na sehemu za bonde la Rhein, Euler ni mfinyanzi, na neno lenyewe latokana na Kilatini olla, yaani chungu. Kwa kuwa majina mengi ya Kijerumani yalizaliwa na kazi, kama vile Schmid (mhunzi) na Müller (msaga nafaka), fasiri hiyo yavutia.

Hata hivyo, nasaba yasema vingine. Nchini Uswisi kumbukumbu za koo ni nyingi. Kuna daftari za ubatizo na ndoa zilizowekwa na makanisa, na tangu 1876 kuna daftari za kiserikali kwa nchi nzima. Aidha, katika hati za kila raia huandikwa Heimatort, yaani mji au kijiji ambako ukoo wake ulipata uraia, hata kama yeye mwenyewe hakuzaliwa huko. Kamusi iitwayo Familiennamenbuch der Schweiz huorodhesha koo zilizokuwa na uraia wa mahali fulani mwaka 1962. Hapo mtafiti hupata ncha ya uzi.

Uzi huo ukifuatwa, hufika Basel, alikozaliwa Leonhard. Baba yake, Paulus, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, lakini miongoni mwa waliomtangulia walikuwamo mafundi wa vitana. Mmoja wao, Hans Georg Euler, ndiye aliyehamia Basel mwaka 1594 kutoka Lindau, mji wa kisiwani katika ziwa la Bodensee, ambao leo umo nchini Ujerumani. Huko ukoo ulijulikana kwa jina la Euler-Schölpi. Sehemu ya pili ilikuwa lakabu, nayo yahusishwa na neno schelb, lenye maana ya kombo au makengeza.

Kazi ya vitana peke yake haikanushi ufinyanzi, kwani aghalabu majina ya ukoo yalikwisha kuganda kabla ya karne hiyo, na mjukuu wa mfinyanzi aweza kushika kazi nyingine. Hoja kubwa ni lahaja. Lindau imo katika eneo la Kialemani, ambako Äule ni kiwanja kidogo cha malisho penye majimaji, neno lililoundwa kutokana na Au. Kiambishi tamati -er nacho hakionyeshi mtenda kazi tu, bali pia mkazi wa mahali, kama katika Zürcher, mtu wa Zürich. Hivyo Euler wa Lindau alikuwa mwenye kiwanja hicho au aliyekaa kando yake.

Yafuata kwamba umbo moja laweza kuwa na asili mbili: Euler wa Hessen yamkini ni mzawa wa mfinyanzi, na Euler wa Basel siye. Kwa mchunguzi wa majina katika lugha yoyote, nasaba haina budi kutangulia, etimolojia ifuate.