PUMZI YA MIZIZI

Kila mtu ajua ya kuwa mmea hufa kwa kukosa maji. Lakini iko mimea inyaukayo kama kwamba imeshikwa na kiu, hali mizizi yake imezama katika ndoo iliyojaa maji. Jambo hili ni la ajabu, na kila atakaye kulima mboga katika ndoo nyumbani kwake sharti alijue kwanza, asije akapoteza kazi yake bure.

Mmea hauli udongo. Udongo ni mahali pa mizizi kujishikiza, tena ni ghala ya maji na chumvi ambazo ndizo chakula cha mmea. Karibu na mwaka 1860, mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Julius Sachs, alionyesha ya kuwa mmea waweza kukua bila udongo, ikiwa mizizi yake yapata maji yaliyotiwa chumvi zinazofaa. Tangu mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, katika Marekani, aliistawisha kazi hiyo katika matangi makubwa. Siku hizi watu wengi hulima saladi na mboga nyingine vivyo hivyo nyumbani. Huchukua ndoo yenye kifuniko, wakatoboa tundu katika kifuniko, wakatia humo kikombe chenye matundu na kokoto, na mche ndani yake. Mizizi hupita katika matundu na kushuka majini.

Basi, mizizi yataka nini zaidi ya maji na chumvi? Yataka hewa. Majani hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, na sehemu ya sukari hiyo hushuka mpaka mizizini. Huko mizizi huitumia pamoja na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ituwezeshayo kupumua, ili ipate nguvu za kukua na kuvuta chumvi. Makaa hayawaki pasipo hewa. Kadhalika mizizi haifanyi kazi pasipo oksijeni.

Katika udongo mzuri mna nafasi nyingi ndogo kati ya chembe, nazo zimejaa hewa. Katika maji sivyo. Lita moja ya hewa ina oksijeni kadiri ya miligramu 280. Lakini lita moja ya maji safi, yenye joto la digrii 20 za sentigredi, haishiki zaidi ya miligramu 9 hivi. Tena oksijeni hupenya ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko ipenyavyo hewani. Kwa hiyo mizizi mingi ikiwa katika maji yasiyotikisika, huimaliza upesi oksijeni iliyo karibu nayo, na nyingine haifiki kwa wakati.

Hapo ncha za mizizi huanza kufa. Mizizi iliyokuwa myeupe hugeuka rangi ya udongo, ikawa na utelezi na harufu mbaya. Kijidudu kifananacho na ukungu, kiitwacho Pythium, hupenda kuishambulia mizizi iliyodhoofika hivi, nacho huizidishia uozo. Kwa kuwa mizizi haina nguvu ya kuvuta maji, majani hulegea. Mwenye bustani asiyejua sababu hudhani kwamba mmea una njaa, akaongeza chumvi. Naye ni kama mtu amleteaye sahani ya pili mwenzake aliyekabwa koo.

Labda utauliza: mbona mpunga huota majini wala haufi? Mpunga una vijia vya hewa ndani ya shina lake, navyo hushusha hewa kutoka majanini mpaka mizizini. Na huko pwani, tazama mti uitwao mchu, mmoja wa jamii ya mikoko. Huchomoza juu ya matope vijizizi vingi vilivyosimama kama penseli, ili uvute hewa maji yakupwapo. Saladi haikupewa vyombo kama hivyo. Yategemea uangalizi wa mlimaji.

Adui mkubwa wa hewa ya majini ni joto. Maji ya digrii 10 huweza kushika miligramu 11 za oksijeni katika lita moja. Ya digrii 20, miligramu 9. Na ya digrii 30, miligramu 7 na nusu tu. Na kumbe joto likizidi, mizizi nayo hupumua kwa haraka zaidi! Haja yaongezeka, na akiba yapungua. Kwa hiyo weka ndoo kivulini, na uipake rangi nyeupe kwa nje ili isinywe joto la jua. Tena isipenye nuru, maana nuru huotesha mwani. Nao mwani, ijapokuwa mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta, ukainyang'anya mizizi.

Ziko njia tatu za kuipatia mizizi hewa.

Ya kwanza ni pampu ndogo ya umeme, ambayo husukuma hewa katika mpira mwembamba mpaka kwenye jiwe la vitundu lililo chini ya ndoo. Mapovu madogo ni bora kuliko makubwa. Povu moja likigawanywa kuwa 1,000, hewa ni ile ile, lakini eneo liligusalo maji huwa mara 10. Tena mapovu hayo hupanda polepole, na kuyavuruga maji hata ya juu yakutane na hewa. Iweke pampu mahali palipo juu kuliko maji, kwa sababu umeme ukikatika, maji yaweza kurudi katika mpira na kuiharibu.

Ya pili ni kuyateka maji kwa kopo na kuyamimina tena ndoo­ni kutoka juu, mara nyingi. Njia hii haitoshi kwa mmea mkubwa usiku kucha, lakini huokoa umeme ukikosekana.

Ya tatu haitaki umeme kabisa. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliieneza sana. Mwanzo maji hufika kwenye kitako cha kikombe. Mmea unywapo, maji hushuka, na kati ya maji na kifuniko huwa na nafasi ya hewa yenye unyevu. Mizizi ya juu huzoea kuvuta hewa, na ya chini huvuta maji. Lakini jihadhari: usiijaze ndoo tena mpaka juu, maana mizizi iliyozoea hewa itakufa maji.

Basi, kabla ya kuongeza chumvi, funua kifuniko uitazame mizizi. Ikiwa myeupe na haina harufu mbaya, yapumua vema.

JARIBIO

Tia maji baridi katika bilauri, uiweke juani saa mbili. Utaona vipovu vimeshika kandokando. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, imefukuzwa na joto.

MASWALI

1. Kwa nini mmea waweza kunyauka hali umo majini?
2. Maji ya digrii 10 na ya digrii 30, yapi hushika oksijeni nyingi zaidi?
3. Mchu hupataje hewa katika matope?
4. Kwa nini mapovu madogo yafaa kuliko makubwa?